Kuishi Bila Umeme wa Gridi Unguja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu mwaka 2011 familia yetu ya watu sita inaishi shamba, kaskazini mwa Unguja, katika nyumba ambayo haijaungwa na nguzo za umeme. Maswali yaliyomo hapa ndiyo tunayoulizwa na ndugu, na majirani wapya, na wageni wanaofika wakitafuta mahali pa kuchaji simu. Tumeyajibu kwa kufuata yale tuliyoyafanya na kuyajaribu wenyewe, na pale ambapo afya ya mtu inahusika tumeandika kwa tahadhari zaidi.

Kwa nini mliamua kuishi hivi?

Jibu linaanzia mwaka 2008, wakati tulipokuwa tunakaa mjini. Tarehe 21 Mei mwaka huo kisiwa kizima cha Unguja kilikosa umeme kwa sababu ya hitilafu katika njia inayouleta kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na hali hiyo ikaendelea hadi tarehe 18 Juni. Hatujasahau, mwezi wa Disemba 2009 umeme ukakatika tena, na mara hii tulikaa kiasi cha miezi mitatu, hadi Machi 2010. Giza tulilizoea ndani ya wiki moja. Kilichotutesa kilikuwa maji, kwa kuwa pampu zilisimama na mifereji ikakauka, na watu wakawa wanaamka alfajiri kutafuta kisima chenye maji matamu. Kilichofuata ni kukosa barafu, ambako kuliwaumiza wavuvi na wauza samaki pamoja na sisi walaji.

Miezi ile ilitufundisha kwamba umeme ni jina moja tulilolipa mahitaji mengi yanayotofautiana: mwanga, maji, ubaridi, mawasiliano na nguvu za kuzungushia mashine. Kila hitaji lina njia yake mbadala, na ugumu wake hauko sawa na wa jengine. Mwaka 2013 waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulianza kufanya kazi, lakini sisi tulikuwa tumeshahamia shamba, mahali ambapo gharama ya kuvuta nyaya kutoka nguzo ya karibu ilituzidi uwezo. Kwa hiyo tusiseme kwamba tuliukimbia umeme. Tulishindwa kuufikia, tukaamua kujipanga badala ya kungojea.

Je, nyumbani kwenu hamna kabisa kifaa cha umeme?

Vipo, lakini ni vile tunavyoweza kuvilisha kwa jua peke yake. Mwaka 2022 watu takriban milioni 685 duniani hawakuwa na umeme, na zaidi ya wanne katika kila watano kati yao walikuwa Afrika kusini mwa Sahara, na wengi wao, kama sisi, wana simu mfukoni. Hata jamii zinazojulikana kwa kuukataa umeme hazijaukataa kwa namna moja. Waamish wa Marekani, jamii ya Wakristo wanaoshika desturi za zamani, ambao wako wengi katika majimbo ya Pennsylvania, Ohio na Indiana, hukataa nyumba zao kuungwa na gridi, lakini wako wanaotumia friji za gesi, betri, na mashine za karakana zinazoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa. Wao hukaa wakajadiliana ni kifaa gani kiingie nyumbani na kipi kibaki nje, na mjadala wa namna hiyo unamfaa kila mwenye betri moja na matamanio mengi.

Mwanga mnaupata wapi?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi, na ndilo lenye jibu jepesi zaidi. Taa tano za LED za wati 5 zinaangaza nyumba nzima, pamoja na jiko na baraza. Miaka ya mwanzo tulitumia koroboi chumbani na chemli nje, na tunamwomba yeyote ambaye bado anatumia koroboi aanze kwa kuibadilisha hiyo kabla ya kununua kitu chochote kingine, hata kama ni kwa taa ndogo ya sola ya kuning'iniza. Moshi wake unaingia kifuani mwa mtoto anayesoma akiwa ameinamia karibu, ikianguka inachoma, na mafuta ya taa yakiwekwa kwenye chupa ya soda mtoto huyanywa akidhani ni maji. Ikitokea hivyo, mtoto asitapishwe wala asinyweshwe maziwa kwa nguvu, bali apelekwe hospitali mara moja, kwa sababu mafuta yanapopanda tena huweza kuingia mapafuni.

Mtambo wa sola uwe na ukubwa gani?

Anza kwa kuhesabu matumizi ya siku moja, kisha ndipo uende dukani. Kipimo ni wati-saa, yaani wati za kifaa mara saa kinazotumika. Hesabu ya nyumba yetu ni hii: taa tano za wati 5 kwa saa tano ni wati-saa 125, simu nne, pamoja na kinachopotea wakati wa kuchaji, ni kama 80, redio ya wati 3 kwa saa kumi ni 30, kompyuta ndogo ya mkononi ni kama 50, na feni mbili za wati 15 zinazozunguka usiku kwa saa nane ni 240. Jumla ni wati-saa 525. Utaona kwamba feni peke yake zinakaribia nusu ya matumizi yote, jambo ambalo watu wengi hawalitarajii.

Paneli zetu ni mbili za wati 100 kila moja. Kwa siku yenye jua zuri, ukihesabu saa nne na nusu za jua kali na kutoa robo inayopotea kwa joto, vumbi na nyaya, zinatupa takriban wati-saa 675. Katika masika, mawingu yakitanda, hupungua hadi nusu. Lakini masika kuna ubaridi, feni tunazizima, na matumizi yanashuka hadi 285. Hivyo msimu unaotunyima jua ndio unaotupunguzia haja yake, na kwa bahati hiyo tumeepuka kununua paneli ya tatu.

Vifaa vinavyogeuza umeme kuwa moto mkali havimo katika hesabu hii. Pasi inavuta wati 1,000 au zaidi, na birika la umeme linaweza kufika 2,000. Muuzaji akikuambia kwamba paneli moja na betri moja vitaendesha pasi, friji kubwa na televisheni kwa pamoja, mwombe akuandikie hesabu yake kwenye karatasi.

Katika kufunga, mambo matatu yana uzito. Paneli zielekezwe kaskazini, kwa kuwa Unguja iko kiasi cha nyuzi sita kusini mwa ikweta, na ziinamishwe kidogo ili mvua izioshe. Zisiguswe na kivuli, maana hata kivuli cha kuti moja la mnazi likiangukia sehemu ya paneli hupunguza umeme kwa kiasi kikubwa kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe. Na nyaya ziwe nene na fupi, kwa sababu katika volti 12 waya mwembamba wa mita nyingi hula umeme njiani, ukakuta taa ya chumba cha mwisho inafifia ilhali betri imejaa.

Betri yetu ilikufa baada ya mwaka mmoja. Tulikosea wapi?

Yetu ya kwanza ilikufa hivyo hivyo. Ilikuwa betri ya gari, na betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwashia injini, si kumwaga umeme polepole usiku kucha. Hata betri ya sola ya asidi na risasi haipendi kutumiwa zaidi ya nusu: yenye volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwa jina, lakini anayetaka idumu atumie 600 tu. Sasa tuna betri ya lithiamu yenye ukubwa huo huo, ambayo inaruhusu kutumia kiasi cha 1,000, na inatutosha karibu siku mbili zisizo na jua. Bei yake ilituuma. Karibu na bahari, vishikizo vya betri vipakwe grisi, kwa sababu upepo wa chumvi huvitia kutu ndani ya miezi michache.

Ukikosa fundi, ulizia Kinyasini, ambako chuo cha Barefoot College kimewafundisha kina mama wa vijijini, wengine wakiwa ni bibi wenye wajukuu, kufunga na kutengeneza taa za sola. Tumewaona wakifanya kazi, na tunawaamini.

Chakula mnakihifadhi vipi bila friji?

Kwa sehemu kubwa hatukihifadhi; tunakiacha mahali kinapokaa vizuri chenyewe. Muhogo unabaki ardhini mpaka siku ya kupikwa. Mchicha na kisamvu vinachumwa jioni vinapohitajika. Kuku anabaki hai. Nazi isiyovunjwa inakaa wiki nyingi, lakini tui likishakamuliwa halingoji. Kwa hiyo tunakuna nazi ya chungu kimoja tu, na wali wa nazi unapikwa kwa kipimo cha walaji waliopo. Bibi zetu walikuwa wakali sana kuhusu kipimo hicho, na wakati ule tulidhani ni ubahili.

Samaki tunanunua anapotoka majini na kumpika siku ile ile. Akizidi, anakaangwa mpaka akauke vizuri, akaliwa siku ya pili. Akizidi zaidi, anapasuliwa, anapakwa chumvi kwa wingi na kuanikwa juani awe ng'onda, na hapo anakaa wiki kadhaa mahali pakavu penye hewa. Kazi ya kukausha ifanywe wakati wa kaskazi au siku za kipupwe zenye jua; ukijaribu masika, nzi na unyevu watakushinda. Maziwa tunayafanya mtindi. Maembe mabichi na malimau yanaingia kwenye achari.

Tunasisitiza jambo moja kuhusu wali uliobaki. Vimelea vinavyoishi kwenye mchele huweza kuhimili kupikwa, na wali ukikaa katika joto letu kwa saa nyingi huzaa sumu ambayo kuupasha moto hakuiondoi. Wali uliolala usiku kucha bila friji, hata kama haujanuka, hatumpi mtu. Unakwenda kwa kuku.

Wengine hutuuliza kuhusu chungu ndani ya chungu, vyenye mchanga mbichi katikati, ambavyo mwalimu Mohammed Bah Abba wa kaskazini mwa Nigeria alivieneza katika miaka ya 1990. Njia hiyo ni nzuri, kwani maji yanapokauka kwenye mchanga huondoka na joto, lakini inahitaji hewa kavu. Mtu wa Dodoma atafaidika nayo kuliko sisi wa mwambao, ambako hewa imeshajaa unyevu na maji hayana haraka ya kukauka. Tuliijaribu, nyanya zilikaa siku mbili zaidi, basi. Hata hivyo, mtungi wa udongo wa maji ya kunywa, uliowekwa kivulini penye upepo na kufunikwa, pamoja na kata yake ya kifuu, bado unatoa maji yenye ubaridi unaomtosha aliyetoka kulima.

Maji mnayapata vipi?

Kisima cha kamba na ndoo, na paa. Kisima kiwe mbali na choo kwa mita 30 au zaidi, na katika ardhi yetu ya mawe ya matumbawe umbali huo usipunguzwe hata kidogo, kwa sababu maji machafu hupita kwenye nyufa za mawe bila kuchujwa kama yanavyochujwa na udongo. Tuliuona mripuko wa kipindupindu wa 2015 na 2016, na tangu wakati huo hakuna anayekunywa maji ya kisima bila kuyatibu.

Hesabu ya paa ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa letu la bati lina mita za mraba 60, na mvua moja ya milimita 20 hutupatia zaidi ya lita 900 baada ya kutoa yanayomwagika. Maji ya dakika za mwanzo yaachwe yapite, kwa kuwa yanabeba kinyesi cha ndege na vumbi. Tangi lifunikwe na kila tundu lizibwe kwa wavu, la sivyo utakuwa umefuga mbu.

Maji ya kunywa tunayachemsha, au tunatumia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Anayekosa kuni na dawa anaweza kutumia jua: chupa safi za plastiki zisizo na rangi zijazwe maji yasiyo na tope, zilazwe juu ya bati kwa saa sita za jua kali, au siku mbili mfululizo ikiwa kuna mawingu.

Mnapika kwa kutumia nini?

Gesi kwa chai na vitu vya haraka, seredani kwa vitu vya muda mrefu, na kuni kwa shughuli za watu wengi. Kunde na maharage tunayaroweka usiku, tunayachemsha kwa moto mkali kwa dakika 10 au zaidi, halafu tunaliweka sufuria lenye kifuniko ndani ya kapu lililojazwa vitambaa na mito, likaendelea kujipika kwa joto lake kwa saa kadhaa. Kuchemsha kule kwa mwanzo kusirukwe, hasa kwa maharage mekundu, kwa kuwa yakiiva kwa joto dogo tu hubaki na sumu inayoumiza tumbo.

Seredani yenye makaa yanayowaka isiingizwe chumba cha kulala kwa sababu yoyote, si kwa baridi, si kwa mvua, si kwa kufukiza udi usiku kucha. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na aliyelala hapati nafasi ya kugundua.

Mtu anayetumia insulini anaweza kuishi hivi?

Anaweza, lakini kwa mpango wa daktari au mfamasia wake. Chupa ambazo hazijafunguliwa huhitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, hivyo sisi tungeziacha kwenye friji ya kituo cha afya kilicho karibu na kuchukua moja moja. Iliyokwisha kufunguliwa, kwa aina nyingi, huhimili joto la chumba lisilozidi nyuzi 25 au 30 kwa takriban wiki nne, lakini kikomo chenyewe kimeandikwa kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi, na chumba cha kaskazi Unguja huvuka nyuzi hizo. Isiwekwe juani, na isigandishwe kwenye barafu.

Joto la kaskazi mnalivumiliaje?

Kwa nyumba yenyewe. Upande wa mbele una paa la makuti, dari ya bati imewekewa nafasi ya hewa, na madirisha yanatazamana ili upepo upite. Mchana kazi zinafanyika barazani. Usiku feni ndogo ya volti 12 inaelekezwa ndani ya chandarua, karibu na mwili, na inatosha.

Na nguo?

Mikono, sabuni na pasi ya makaa. Sare za shule zinapigwa pasi zote kwa pamoja Jumapili.

Je, kazi za intaneti zinawezekana?

Zinawezekana, mradi kompyuta ni ya mkononi na kazi nzito zinafanywa mchana wakati paneli zinazalisha. Mnara wa simu ukiwa na umeme wake, intaneti ipo.

Ni jambo gani gumu ambalo watu hawalisemi?

Kazi za mikono hazigawanywi sawa. Kuteka maji, kukuna nazi kwa mbuzi, kutwanga kwa kinu, kufua na kukoka moto ni kazi zinazowaangukia wanawake na watoto wa kike, na mwanamume anaweza kuisifu nyumba isiyo na umeme kwa miaka mingi bila kuushika mchi hata siku moja. Sisi tulilitambua hilo tukiwa tumechelewa. Binti yetu mkubwa alikuwa anateka ndoo kumi na mbili kabla ya kwenda skuli, na mwalimu wake ndiye aliyetuuliza kwa nini anasinzia darasani. Tangu siku hiyo maji yanatekwa na baba na vijana wa kiume, jioni, na anayefikiria kuhamia shamba tunamshauri agawe kazi hizo kwanza, kwa majina, kabla ya kununua paneli.

Nguzo zikifika, mtakubali kuungwa?

Tutakubali siku hiyo hiyo. Tumeshakubaliana kuhusu mpangilio: kitu cha kwanza kitakuwa pampu ya kisima, cha pili friji ndogo, na cha tatu mashine ya kukunia nazi, ambayo mama wa nyumba ameitaja yeye mwenyewe na hakuna aliyempinga. Taa zitabaki kwenye sola, kwa kuwa bado tunaikumbuka ile miezi mitatu.